Majeraha Matatu ya Kadi Moja

Bridgit Wanjala alichaguliwa kuwa mwakilishi wa usalama siku ambayo hakuwepo kazini. Alikuwa Majanji kwenye matanga ya shangazi yake. Huku nyuma wafanyakazi wa kiwanda cha magunia waliitwa uwanjani na kuambiwa wataje mtu mmoja wa kuwasemea mambo ya ajali, nao wakatazamana, kila mmoja akijua kwamba mwenye cheo hicho atazozana na bosi mwaka mzima bila kuongezwa hata kipande cha sabuni. Wakamtaja aliye mbali. Aliporudi Jumatatu alikuta jina lake limebandikwa ukutani karibu na vyoo, na kofia ya plastiki ya kijani inamngoja kwa supavaiza.

Hakukasirika. Mtoto wa kwanza kati ya sita huzoea kugawiwa kazi bila kuulizwa. Alizaliwa Busia, upande wa Kenya, kwa mama aliyeuza samaki, na alipomaliza kidato cha nne aliishika biashara hiyo hiyo, akivuka mpaka kwenda Majanji na kurudi na ndoo kichwani, hadi siku alipogundua kwamba watu sokoni humpisha njia kwa sababu ya harufu wala si kwa heshima. Ndipo akaomba kazi kiwandani, kwenye barabara itokayo Busia kwenda Tororo. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa. Karatasi za kumruhusu kufanya kazi Uganda alizifuatilia mwenyewe, ofisi hadi ofisi, akasubiri kwenye mabenchi mpaka akazipata zote.

Mdogo wake Lenox hakuwa na karatasi hata moja. Alikuwa na kadi.

Kadi yenyewe ilikuwa namba mia na kumi na saba, na mwenyewe hasa alikuwa John Paul Egesa, binamu yao wa Masaba, Mganda kamili mwenye shamba la muhogo. John Paul alipata kibarua kwenye mashine namba nne. Palizi ilipofika alimpa Lenox kadi amshikie nafasi wiki mbili. Kisha kukatokea binamu wa tatu, ambaye jina lake halina haja hapa, naye hakuwa na kazi, naye akaingizwa. Tangu hapo walipokezana kwa wiki, watu watatu kwenye kibarua kimoja. Askari wa geti aliangalia namba tu, maana picha ilikuwa imefutika kwa jasho ikabaki kivuli chenye masikio. Supavaiza alijua na akanyamaza, kwa sababu katika kiwanda kizima mashine namba nne ndiyo pekee ambayo haikukosa mtu hata siku moja. Kwenye ukoo wao hakuna aliyeuita huo udanganyifu. Uliitwa kusaidiana. Bridgit ndiye aliyemleta Lenox, na alijisifia kwa hilo.

Mashine namba nne hukata magunia. Kitambaa cha plastiki huja kimeviringishwa kwenye roli kubwa, kinavutwa, na wembe wa moto unashuka kukikata kwa kipimo. Nyuzi zikinasa, mtu hupeleka mkono kuzitoa. Mwezi wa tatu wembe ulimshukia Lenox, ukaondoka na ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Aliyemfunga bendeji ni Hamidah wa huduma ya kwanza, ambaye kila mtu humwita sista ingawa hajawahi kufanya kazi hospitali. Akamaliza kumfunga, akaitazama kadi wala si uso, akaandika kitabuni: Egesa John Paul. Bridgit alilia siku hiyo, akanawa uso, akapika.

Mwezi wa tano mashine ikamkata binamu wa tatu ncha ya kidole gumba. Mwezi wa saba ikamuunguza John Paul mwenyewe mkono, na kitabuni majeraha yote matatu yakawa ya jina moja. Katikati hapo waliumia wengine, wenye kadi zao wenyewe. Kiwandani watu walianza kusema namba nne ina mdudu, na supavaiza alilipenda neno hilo kwa sababu mdudu haandikiwi barua. Bridgit hakuamini wadudu. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kwa nini, na alitaka kukijua kabla mashine haijampata mwingine.

Wawakilishi walikuwa wamepelekwa Tororo mafunzo ya siku moja, yenye soda na chapati mbili, na huko waliambiwa kwamba mwakilishi ana haki ya kuangalia rekodi za ajali. Bridgit aliibeba haki hiyo moja kwa moja hadi ofisini kwa meneja, Hajji Mutwalibu, mtu mpole wa maneno machache anayekunywa chai ya tangawizi kuanzia asubuhi.

"Hajji, naomba kitabu cha ajali."

"Kitabu yote?"

"Chote. Tuliambiwa mwakilishi ana ruhusa."

"Ruhusa iko." Hajji akaweka kikombe chini. "Lakini hiyo kitabu iko na mambo ya watu, mama. Sheria ya siri za watu pia iko. Mimi nakupa leo, kesho mutu anakuja kunishitaki ati nimepeleka magonjwa yake kwa soko. Nakwenda kumujibu nini?"

Bridgit alitoka amefura. Aliona kabisa kwamba anapigwa chenga. Njia nzima ya kurudi Busia, akiwa nyuma ya lori la kampuni pamoja na wenzake, alitunga kichwani barua kali kwa ofisa wa kazi, na kila lori liliporuka shimo aliongeza neno kali zaidi.

Barua hiyo haikuandikwa, kwa sababu kesho yake wakati wa chai Cate alimfuata kwenye bomba la maji. Cate ni mshonaji, mkimya, wa kutoka Busia kama yeye, na mwezi wa sita alikuwa ameungua kifundo cha mkono.

"Dada Brigi, nasikia unataka kitabu ya sista."

"Nataka. Hajji anazungusha tu."

"Aki dada, usikichukue."

Bridgit akafunga bomba. Cate aliongea akitazama chini. Siku ile alipoungua, Hamidah alimuuliza kama kuna dawa anazotumia kila siku, asije akampa kitu cha kugongana nazo, naye kwa yale maumivu akajibu ndiyo, akazitaja.

"Akaandika?"

"Sista huandika hadi mtu akikohoa." Cate alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Bwana yangu mwenyewe hajui. Na dada yake anafunga mizigo hapa hapa na sisi."

Hilo la sista kuandika lilikuwa kweli, kila mtu alilijua na hakuna aliyelifikiria. Miaka miwili nyuma mkaguzi mmoja alimwambia Hamidah kwamba rekodi zake ni nyembamba, na Hamidah, ambaye hapendi kuambiwa jambo moja mara mbili, tangu siku hiyo aliandika kila kitu. Aliandika dawa, aliandika mimba ambazo waume hawajaambiwa, aliandika nani alikuja kazini bila kulala kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Alidhani anafanya kazi vizuri, na kwa jinsi alivyoagizwa alikuwa anaifanya vizuri.

Bridgit hakumuuliza Cate ni dawa gani. Alijiona mjinga, tena mjinga mwenye kelele. Hajji huenda alikuwa na sababu zake za kutotaka kitabu kitoke, lakini alichokisema kilikuwa sawa. Na zaidi ya Cate kulikuwa na kadi mia na kumi na saba. Angekisoma kitabu kwa majina, halafu kamati ikamuuliza huyu John Paul ni mtu wa namna gani, angejibu nini? Lenox alikuwa amemwapisha asiseme, mara ya kwanza siku ya vidole na mara ya pili siku alipopewa ile kofia ya kijani. Aliogopa, na hofu hiyo ndiyo iliyompa akili.

Alikwenda kwa Hamidah.

"Sista, majina siyataki. Yale uliyoandika kule mwisho pia siyataki. Nipe mashine, tarehe, saa, na mahali mtu alipoumia. Basi."

Hamidah alifungua kitabu, kile kirefu chenye jalada gumu. Majina yalikuwa safu ya kwanza kushoto, na yale maelezo yake yote yalikuwa safu ya mwisho kulia. Akakunja ukurasa upande huu, akakunja na upande ule, kama anayekunja shuka, na katikati yakabaki mambo manne tu.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

Walipiga fotokopi ofisini, Hajji amesimama pale pale akikagua kila karatasi inayotoka kwenye mashine. Alizigeuza mbele na nyuma, akatafuta jina hata moja, hakuliona. "Hii mimi naweza kusaini," akasema, na akasaini, na alionekana kupumua.

Bridgit alizisoma karatasi hizo mezani kwenye kibanda cha chakula, rula mkononi. Tangu mwezi wa pili mashine namba nne ilikuwa na ajali tisa. Alitafuta kama ni za asubuhi au za jioni, zikawa za nyakati zote. Alitafuta kama ni za siku za mwisho wa wiki watu wanapochoka, hazikuwa. Lakini Hamidah alikuwa ameandika mpaka dakika. Saa tatu na dakika kumi na moja. Saa nane na dakika thelathini na nne. Bridgit aliitazama tarehe ya Lenox, akakumbuka kitu kidogo, kwamba siku hiyo alipokimbilia kelele za mdogo wake, umeme ulikuwa umekatika na taa ndiyo kwanza zimewaka tena.

Akaenda nyuma ya kiwanda kwa Okiror, fundi wa umeme, Mteso mrefu asiyependa kusumbuliwa, anayeandika kwenye daftari la shule kila mara umeme unapokatika na kila mara unaporudi. Wakaweka daftari kando ya fotokopi. Okiror alisoma saa zake, Bridgit akasoma za Hamidah. Walipofika ya tano Okiror alivuta ndoo akakaa. Kati ya ajali tisa, nane zilitokea ndani ya dakika mbili baada ya umeme kurudi.

"Stima ikipotea sisi hufanya nini?" Bridgit akauliza.

"Munangoja."

"Hatungoji. Supavaiza hututuma tutoe nyuzi, ati nafasi imepatikana, mashine imesimama."

Okiror akainua macho kutoka kwenye daftari. "Na nani anazima swichi?"

"Hakuna anayezima. Kwani si imejizima yenyewe?"

Walikaa hapo wakiitazama mashine kwa mbali kupitia mlangoni. Swichi yake ilikuwa juu, imewashwa, kama ilivyokuwa kila siku tangu ifungwe. Okiror alisema iko swichi ya namna nyingine, ambayo umeme ukirudi inabaki imekufa mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono wake. Aliwahi kuomba moja mwaka juzi akaambiwa asubiri.

Kikao cha kamati kilikuwa Alhamisi baada ya chakula, ofisini kwa Hajji. Alikuwepo supavaiza, Okiror, Hamidah akiandika, na Bridgit na kofia yake magotini. Aliyaeleza yote polepole, akazionyesha saa, akaomba vitu viwili: swichi mpya, na mtu asiguse namba nne umeme ukikatika kabla haijazimwa. Alieleza vizuri. Alijua kwamba ameeleza vizuri.

Hajji alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta droo, akatoa kitabu chenyewe, kisichokunjwa.

"Wewe ulikataa majina, mama, na ulifanya sawa. Lakini mimi niko nayo." Akaweka kidole. "Machi, Mei, Julai. Mutu moja. Kadi mia na kumi na saba, John Paul. Mutu moja anaumia mara tatu kwa mashine moja, hapo tunalaumu mashine? Umeme inakatika kwa kila mutu, mbona inamukata huyu huyu?"

Supavaiza alitazama dari kwa makini sana.

Hajji hakuwa mtu wa kufukuza watu ovyo. Alikuwa ameshaandaa barua. John Paul akubali kwa saini kwamba alifanya uzembe, na kesho ahamie kufunga mizigo, kazi nyepesi, kadi ile ile. Cate wa kushona atachukua nafasi yake namba nne kuanzia Jumatatu. Swichi itatazamwa mwaka ujao. Akamtuma mtu amwite John Paul, na kwa kuwa hiyo ilikuwa wiki ya Lenox, aliyeingia ni Lenox.

Bridgit aliwajua wote watatu. Alikuwa na sentensi moja mdomoni, fupi, ambayo ingeiangusha hoja ya Hajji papo hapo, na hakuweza kuitoa. Haikuwa yake. Ni yeye aliyekwenda kwa sista kuomba majina yafichwe, ni yeye aliyesema mambo ya mtu ni ya mwenyewe, na sasa kanuni yake ilikuwa imemgeukia yeye mwenyewe. Aliichukia. Angesema, mdogo wake angetoka humo bila kazi na pengine na askari. Angenyamaza, Jumatatu Cate angepeleka mkono wake kwenye nyuzi umeme ukikatika, kama walivyofundishwa wote.

Lenox hakumtazama dada yake. Hajji alimweleza habari ya barua, kwa upole, akamwonyesha mistari ile mitatu kitabuni, akamsogezea kalamu. Kalamu hiyo ilikuwa ndiyo kazi yake yote, na kazi bora kuliko aliyokuwa nayo, na hakutakiwa kufanya lolote ila kuandika jina la binamu yake kama alivyokuwa akiliandika kila asubuhi getini. Aliisoma barua taratibu hadi chini. Akarudi juu akaisoma tena.

"Ni nani atashika namba nne?"

"Cate."

Lenox akaiweka kalamu mezani.

"Hajji, ya Machi ni mimi," akasema, akaonyesha mkono wa kushoto wenye vidole viwili vifupi. "Hii ya Mei mmeandika kidole gumba cha kulia kilikatika. Changu ndicho hiki."

Akaulaza mkono wa kulia juu ya kitabu. Wote waliinama kukitazama. Kilikuwa kidole gumba kizima, kipana, chenye grisi ukuchani. Kisha akakunja shati hadi begani, mkono huu na ule, wawatafutie lile kovu la moto la mwezi wa saba. Halikuwepo.



"Kwa hivyo wewe si John Paul," Hajji akasema.

"Hapana, Hajji. Naitwa Lenox Wanjala."

Hajji akageuza uso kwa Bridgit. "Wanjala?"

"Ni mdogo wangu," Bridgit akasema. "Tumbo moja." Aliona aibu mbele ya watu waliomwamini, na aliona fahari mpaka kifua kikamuuma.

"Na hao wengine wawili ni nani?"

"Yangu nimeshasema, Hajji," Lenox akajibu. "Ya wengine siyasemi."

Hajji alikitazama kitabu, akazitazama fotokopi, akakitazama tena kile kidole. Alikuwa mtu mwelewa. Mzembe mmoja alikuwa amemwandalia barua, lakini watu watatu tofauti walioumizwa na mashine moja, dakika mbili baada ya umeme kurudi, hakuwa na pa kuwaweka. Alimwambia Okiror akazime namba nne sasa hivi, isiwashwe tena mpaka swichi hiyo ifungwe. Alimwambia supavaiza abaki nyuma wakimaliza. Alimwambia Bridgit kwamba barua ya onyo itamfika, na akiipata asilie.

Kwa Lenox alinyoosha mkono, akapewa kadi. "Mimi sijakuona," akasema. "Enda sasa, kabla geti haijasikia. Usirudi hapa bila karatasi."

Lenox alivuka mpaka mchana huo kwa bodaboda, akiwa peke yake. Sasa anapakua mahindi upande wa Kenya, na gunia zito bado humponyoka mkono wa kushoto.

Swichi ilifungwa Jumatano iliyofuata. Ijumaa umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi baada ya robo saa, na mashine zote zikaanza kunguruma isipokuwa moja. Cate alitoa nyuzi zake zote, akajinyoosha, akapiga miayo, akabonyeza kitufe.

Siku hiyo hiyo Hamidah alimwita Bridgit kwenye chumba chake, kitabu wazi mezani na kalamu mkononi. Hajji alikuwa amemwagiza arekebishe. Kwenye mstari wa mwezi wa tatu alikuwa tayari amekata jina la zamani na kuandika Wanjala Lenox, kwa kuwa mwenyewe alilitaja mbele yake.

"Sasa hii ya Mei, dada, na hii ya Julai. Nakwenda kuandika nani?"

Wa Mei alikuwa amekula kwa Bridgit Jumapili. Alimwomba amkatie nyama, kwa sababu kidole kikishika kisu bado kinamuuma, na Bridgit akamkatia vipande vidogo vidogo, kama alivyokuwa akimkatia walipokuwa watoto.

"Mimi sijui, sista," akasema.